Bei Inayosemwa Mara Moja

Siku baba aliponiomba nimtajie bei ya Landrova yake, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu yake. Upepo wa Lodwar ulikuwa umeanza kutimua vumbi, kikombe cha chai ya maziwa ya mbuzi kilikuwa mkononi mwangu, na baba alikuwa ameketi kwenye ekicholong chake, kile kigoda kidogo ambacho wazee wetu hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Alikuwa ameegemea gurudumu la mbele. Hakunitazama. Alisema kwa sauti ya mtu anayemtuma mtoto sukari dukani.

"Akiru, wewe unauza spea. Wewe unajua magari. Niambie hii gari ni pesa ngapi. Yenye utasema wewe, ndio mimi nitasema."

Kabla sijaendelea, najua unacheka. Unajiuliza Mama Spea amekuwa mzee lini hata atupe nasaha, na mvi zenyewe bado anazing'oa mbele ya kioo. Cheka tu. Mtu akishazika wazazi wake wote wawili hukaa kwenye kiti chao, apende asipende. Nami kila wiki nyinyi vijana mnanijia dukani mkiwa na pikipiki ya kuuza, au simu, au mbuzi wa shangazi, mnaniuliza, "Mama, niseme ngapi?" Leo nimeamua kulijibu swali hilo vizuri, nikiwa nimekaa, mteja asinikatize.

Ulikuwa mwaka wa 2012. Habari za mafuta zilikuwa zimeingia Turkana, na kila kitu Lodwar kilipanda bei mpaka chenyewe kikashangaa. Vyumba walivyopanga walimu na manesi vikawa vya wageni wa makampuni. Nyanya zinazoletwa kutoka Katilu zikapanda, na ukimuuliza mama muuzaji sababu, alikujibu, "Si kuna mafuta?" utadhani nyanya zenyewe alikuwa amezikaanga nayo. Mimi nilikuwa msichana wa kuajiriwa katika duka la vipuri, mwepesi wa kuongea, niliyejiona najua bei ya kila kitu chenye injini.

Landrova ya baba ilikuwa ya zamani sana, fupi, yenye turubai nyuma, na taa zake mbili zilikaribiana kiasi cha kuipa sura ya mtu anayefikiri. Aliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao, baba akiwa bado kijana. Sasa sikiliza hili vizuri. Kwetu mwanamume huitwa kwa jina la maksai anayempenda. Baba alikuwa na maksai wa rangi ya majivu aliyeitwa Lopus, na ndiyo maana watu wote, mpaka mkuu wa kituo cha polisi, walimwita Apalopus, yaani baba yake Lopus. Ukame ulipomchukua yule maksai, baba alinunua makopo ya rangi akaipaka Landrova rangi ile ile ya majivu, kwa brashi, kwa mkono wake mwenyewe. Ukikaribia uliona mistari ya brashi, na mahali pamoja palikuwa na nzi aliyenaswa kwenye rangi akabaki hapo miaka yote.

Kilichomfanya aiuze ni macho. Daktari alikuwa amemwambia kwamba presha ya macho imeshafanya uharibifu, asishike usukani tena. Baba alimbishia daktari, akambishia mama, akanibishia mimi. Alikubali siku alipopunguza mwendo njiani, akampungia ngamia mkono na kumuuliza hali ya watoto. Mimi nilikuwa pembeni yake. Tulicheka mpaka tukasimamisha gari, halafu nikamwona amenyamaza, nami nikanyamaza.

Waliolitaka gari walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mgeni kutoka Nairobi, mtu wa makamo, mwenye adabu, aliyekuja kwa zile kazi zilizofuata mafuta. Alipenda magari ya zamani kuliko chakula. Aliizunguka Landrova yetu akiipiga picha, akalala chini kuchungulia uvungu, suruali yake nzuri ikajaa vumbi, na akainuka akisema, "Mzee, hii ni klasik." Baba akaniuliza klasik ni nini. Nikamwambia ni kitu cha zamani ambacho watu bado wanakipenda. "Basi mimi pia ni klasik," akasema, akamwangalia mama.

Wa pili alikuwa Malith. Alikuwa wa Sudan Kusini, aliletwa kambini Kakuma akiwa mtoto mdogo, akakulia hapo, na sasa alikuwa na karakana yake ya mabati karibu na soko la kambi. Baba akienda Kakuma na gari likimsumbua, Malith ndiye aliyelitengeneza. Vipuri alivinunua kwetu, akituma pesa kwa simu na orodha ya vitu, na akipata ruhusa ya kutoka kambini alikuja Lodwar kuvichukua mwenyewe. Nilikuwa nikimwekea vile vizuri vya ndani ya kabati. Jumapili aliimba kanisani kwa sauti nzito iliyofanya mabati yaitikie. Nilimpenda, mwanangu. Nilimpenda mpaka nikawa najua ni siku gani bushi zake, vile vipira vya springi, zitaisha. Hatukuwa tumemwambia mtu yeyote, na nilijiona nimeficha vizuri.

Sasa utaona nilivyobanwa. Malith alikuwa akiweka akiba kwa ajili ya gari kama lile, la kubebea mitungi ya maji, mizigo na wagonjwa kati ya Kakuma na Lopur, na maisha yake yote, na yangu pamoja nayo kama nilivyoyaota, yalisubiri gari hilo. Nikitaja bei ya chini, siku mambo yetu yakijulikana watu wangesema binti wa Apalopus ameichukua mali ya babake kipofu akampa mchumba wake mkimbizi. Nikitaja bei ya juu, gari lingekwenda Nairobi. Na neno langu halingekuwa na nafasi ya kurudi nyuma, kwa sababu baba hakujua kupatana bei. Awe anauza mbuzi au ngozi, alisema mara moja tu. Ukikubali, sawa. Ukikataa, mlikunywa chai mkaagana vizuri, na kesho bei ilikuwa ile ile. Wafanyabiashara wapya mjini walimwona mtu mgumu. Waliomzoea walimtuma mtoto anunue kwake, kwa maana hakuna mtoto aliyewahi kupunjwa pale.

Nilikaa na mzigo huo siku kadhaa, kisha nikamtajia bei. Ilikuwa kubwa. Sitakwambia ni ngapi, utaanza kubishana nami tuache hadithi, lakini ilikuwa bei ya kumfanya mtu aweke kikombe chini.

Baba akaweka kikombe chini. "Hiyo umetoa wapi?"

Nikamwambia siku hizi kuna mafuta. Nikamwambia watu wa Nairobi wana pesa. Na nilipoona hatosheki, nikaanza kumkumbusha safari zote. Jirani yetu alijifungulia kwenye kiti cha nyuma tukiwa njiani kwenda hospitali. Bibi harusi wa Lowarengak tulimleta gari likiwa halina breki. Mwaka wa mafuriko watu walilala juu ya turubai mpaka maji yalipopungua. Nikasema mambo hayo yote hayawezi kutolewa bure.

"Huyo mtoto alizaliwa ndani," baba akauliza polepole, "mwenye kununua atapewa?"

"Hapana, baba."

"Basi toa. Hizo ni zangu. Mimi siuzi hizo."

Akaokota kikombe chake. Mama, aliyekuwa akichambua maharagwe mlangoni, akaniambia niende nikafikirie tena, na wakati huu nifikirie gari.

Siku mbili tatu zikapita, baba akasema twende Kakuma, mimi niendeshe. Wakati ule barabara ya Lodwar kwenda Kakuma ilikuwa lami kwa jina tu. Mashimo yalikuwa makubwa, na magari yote yalikuwa yamejichongea njia pembeni, mchangani, lami yenyewe ikabaki ya kulala mbuzi. Baba alikaa upande wa abiria mkono wake ukiwa juu ya dashibodi, na alijua kila tulipofika kwa kusikiliza. "Hapa kuna laga, punguza." Laga, kama unavyojua, ni mto mkavu, na ukiuingia kwa fujo unaacha springi huko. Nilipunguza. Gia ya pili ikaruka kama kawaida yake, nikairudisha.

Malith alitupokea mikono ikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko. Alimsalimia baba kwa Kiturkana, "Ejok, mzee, ejok," akamsogezea kiti cha plastiki kivulini, akamtuma jirani yake Mhabeshi atuletee kahawa. Baba akaenda moja kwa moja kwenye jambo ambalo hakuwahi kumuuliza miaka yote.

"Malith. Hii jina lako ni ya nini?"

"Ya ng'ombe, mzee. Kwa sisi Dinka, malith ni fahali ya rangi ya majivu. Babu yangu alikuwa na moja, alipenda hiyo sana, akanipea jina."

Baba alinyoosha mkono akamshika Malith kichwani, kama anavyoshikwa mtoto anapobarikiwa, akacheka kicheko chake kirefu kisicho na sauti, mabega yakitikisika. Malith alinitazama akitaka kujua amekosea nini. Nikamweleza Lopus ni nani. Naye akacheka, mimi nikacheka, Mhabeshi aliyeleta kahawa akacheka bila kujua tunacheka nini. Wafuga ng'ombe ni watu wa ajabu, mwanangu. Walipigania malisho na visima miaka mingi, kambi na wenyeji walirushiana maneno kila siku, na bado watu wawili wakikutana kwenye rangi ya ng'ombe mmoja wanakuwa ndugu kabla kahawa haijapoa.

Basi tulipokuwa tunarudi, moyo wangu ulikuwa mwepesi mno. Niliona Mungu mwenyewe amelimaliza jambo. Hatukuwa tumefika mbali nikamwambia baba nimefikiria tena, na nikamtajia bei nyingine. Hii ilikuwa ndogo. Ilikuwa ndogo kiasi kwamba hata kuitamka niliitamka haraka.

"Simamisha gari," baba akasema.

Nikasimamisha. Hapakuwa na kitu hapo, miti ya miiba tu, na upepo unagonga turubai. Nilidhani anataka kushuka kujisaidia. Akabaki amekaa.

"Bei ya kwanza ulisema kama mtu anaogopa. Hii ya leo umesema kama mtu anapenda. Sasa nani atanisemea ya gari?"

Nilitamani ardhi inimeze, usukani na yote. Nikajaribu kujifanya sielewi. Nikasema, "Kupenda nini, baba?"

"Akiru. Macho ndio imeisha. Masikio iko. Hapa Lodwar unacheka hivi," akacheka kidogo kwa puani, "na Kakuma unacheka hivi," akacheka kama mimi, kicheko changu kabisa, mpaka kile kijikelele cha mwisho. Sikujua nicheke au nilie. Nafikiri nilifanya vyote.

Halafu akaongea. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo aliongea mpaka betri ya redio yetu ndogo ya kwenye dashibodi ikachoka, kwa maana hatukukumbuka kuizima. Aliniambia kwamba nikipunguza kwa sababu ya Malith, nitakuwa nimemfanya maskini mbele ya wazee wangu, naye ni mtu mwenye mikono. Nikiongeza kwa sababu yule wa Nairobi ana pesa, nitakuwa nimemwibia, naye alikuja kwetu kwa adabu. Na nikiongeza ili watu wasinisemee vibaya, basi hao watu ndio watakuwa wamenunua gari, na hawajatoa hata shilingi.

"Sasa fanya hivi," akasema. "Weka wao wawili kwa ngozi moja, kwa roho yako. Wanakunywa chai. Wote wanakusikia. Bei gani utasema, hakuna mwenye atainua kichwa akuangalie vibaya? Hiyo ndio utaniletea. Washa gari."

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaingia chini ya Landrova. Nililitazama gari lile kwa mara ya kwanza kama mtu asiyelijua. Chesi, ule uti wa mgongo wa gari, ilikuwa nzima, haina kutu, maana kutu itatoka wapi kwetu ambako mvua huja kama mgeni wa serikali. Injini ilikuwa ile ile liliyozaliwa nayo, na hilo kwa watu wa klasik ni kitu kikubwa. Upande wa pili, giaboksi ilikuwa inakaribia kukata roho, rejeta ilikuwa imechomelewa mara nyingi mpaka imekuwa viraka vitupu, springi ya nyuma kushoto ilikuwa na jani moja la chuma lililovunjika, na ile rangi ya brashi, jamani, ile rangi tuliyoipenda hivyo, kwa mnunuzi ilikuwa kazi ya kuikwangua. Niliwapigia mafundi wa Kitale nikawauliza magari ya umri ule yameuzwa vipi huko, siyo yanatangazwa vipi, maana kutangaza hata mimi naweza kutangaza. Nikatoa gharama ya yale mabovu. Uchungu wangu nikauacha nje. Niliitoa hata ile furaha ya Kakuma, na hiyo ndiyo iliyoniwia vigumu kuitoa kuliko vyote.

Nilipomtajia baba bei ya tatu, aliuliza swali moja tu. "Ukimwambia Malith hii, utainama?"

"Sitainama."

"Na yule wa Nairobi?"

"Sitainama, baba."

"Basi waite."

Walikuja asubuhi ya siku moja, wote wawili, na baba akawakalisha kwenye ngozi moja ya ng'ombe kwelikweli. Mgeni wa Nairobi alipata taabu kukunja miguu. Mama akaleta chai. Mimi niliambiwa nisimame kando ya gari nitaje ubovu wake wote kwa sauti kabla bei haijatajwa, nikaanza na giaboksi nikamaliza na nzi aliyenaswa kwenye rangi. Mgeni akauliza maswali mazuri. Malith hakuuliza kitu, kwa maana kila ubovu niliotaja alikuwa ameshaushika kwa mkono wake.

Baba akamuuliza kila mmoja atalifanyia nini gari, na kadi ya umiliki, ile logbuku, itaandikwa jina la nani. Mgeni akasema lake, na gari litakaa gereji, likitembezwa siku za Jumapili. Kisha zamu ya Malith. Sasa kwa mkimbizi kuandikisha gari kwa jina lake ilikuwa safari ya ofisi hadi ofisi, na wengi walitumia jina la Mkenya wanayemwamini. Kila mtu pale alijua. Malith angeweza kutaja jina la mchungaji wake au la tajiri yeyote wa sokoni.

Akaweka kikombe chini akasimama. "Mzee, mimi sitakudanganya. Nilitaka iandikwe ya Akiru. Kama yeye atakubali, na wewe ukubali."

Mama akaacha kumimina chai. Nilihisi masikio yangu yakiwaka moto. Mgeni wa Nairobi, Mungu ambariki, akaanza kuchunguza soli ya kiatu chake kwa makini sana.

"Hapo ngoja," baba akasema. "Kaa. Hiyo ni kitu ingine. Kwanza gari."

Na akaisema bei. Aliisema mara moja, ile ile niliyomtajia, kwa sauti ya kawaida, uso wake ukiwa katikati yao.

"Nimekubali," mgeni akasema, hakupumua hata. "Na mzee, kusema kweli hata ningeweza kuongeza."

"Usiongeze."

Tukamgeukia Malith. Niliijua akiba yake, mwanangu. Nilijua alipofika na alipobakiza, na hapakuwa parefu. Angesema neno moja tu, "mzee, nipunguzie," hakuna ambaye angemcheka. Huko sokoni kambini watu hupunguziana mpaka bei ya chumvi. Nilimwomba kimya kimya aseme. Nilimwangalia mdomo.

"Bei ni ya haki, mzee," Malith akasema. "Mimi sijafika hapo. Mpe huyu."

Niliichukia bei ile. Nakwambia kweli, niliichukia kama kitu kilichonitemea mate, na ilikuwa imetoka mdomoni mwangu. Nikamtazama baba nikiwa na hakika kwamba sasa atalegea, kwamba huyu ni Malith, jina lake na Lopus ni moja, na mkono wa baba ulikuwa umeshakaa juu ya kichwa chake. Baba akamnyooshea mkono mgeni wa Nairobi, wakashikana.

Gari liliondoka siku hiyo hiyo. Baba alitembea kando yake mpaka kwenye geti la miiba, kiganja chake kikiwa juu ya boneti, na mgeni aliendesha polepole akimsubiri, nami nilimpenda kwa hilo. Vumbi lilipotulia baba aliita jina langu, nikamshika mkono nikamrudisha. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Malith alikuwa bado amesimama pale pale kando ya ngozi, kofia yake mkononi, hajui kama anaruhusiwa kuaga.

Baba akaketi. Akamwonyesha Malith mahali pa kukaa, karibu kabisa, goti kwa goti.

"Gari imekwenda," akamwambia. "Sasa hakuna kitu kati yangu na wewe. Ile ingine ulitaka kusema, sema."

Malith alisema. Alisema vibaya, akichanganya Kiswahili na Kiarabu cha Juba, akarudi nyuma, akaanza upya, na mara moja alisema "tamam", yaani sawa kabisa, mahali ambapo hapakuwa na sababu yoyote. Lilikuwa jambo zuri kuliko yote niliyowahi kusikia. Mama alikuwa akilia na kucheka ndani ya kanga. Na baba alimsikiliza kwa uso wa mtu asiye na deni wala mdeni, akiulizwa kitu kimoja tu na mtu mmoja.

Baadaye nilimuuliza baba kwa nini hakupunguza, hata kidogo, kwa ajili yangu. Akanijibu, "Ningepunguza, ingekuwa nimeuza gari na wewe ndani. Siku mkigombana angekumbuka ile bei. Ama wewe ungekumbuka. Ama ndugu zangu." Akatafuta tumbaku yake, akaikosa, nikampa. "Sasa anakujua wewe peke yako."

Tulifunga ndoa mwaka uliofuata, 2013, kanisani Kakuma, kwaya ya Dinka ikishindana na kina mama wa Lodwar mpaka mchungaji akaomba amani. Mahari yangu nayo baba aliitaja mara moja. Wajomba zangu waliruka juu wakitaka aitaje mara ya pili, yenye nyama zaidi, na Malith alikuwa ameshakubali kabla mzee hajafunga mdomo. Gari hatukupata mpaka miaka mingi baadaye. Tulianza na pikipiki iliyokuwa ikipiga kelele kuliko kwaya zote mbili, na duka hili unalolijua tulilianzia kwenye kabati moja.

Basi hilo ndilo jibu langu, mwanangu, unaposhika kitu chako na kuniuliza useme ngapi. Kitazame kwanza kama si chako. Ujue uzima wake na ubovu wake, na ubovu uutaje wewe mwenyewe kabla mnunuzi hajauvumbua. Uliza vitu kama hicho vimeuzwa vipi kweli, wala usisikilize vinavyotangazwa. Kumbukumbu zako usizitie kwenye bei, maana hakuna anayeweza kuzibeba akaondoka nazo. Usiongeze kwa kumwona mtu ana pesa, usipunguze kwa kumwona anakupendeza, na usimwogope jirani anayesikiliza ukutani. Waweke wote kwenye ngozi moja, yule unayempenda na yule usiyemjua, kisha sema neno ambalo wote wawili wanaweza kulisikia. Ukishalisema, kaa nalo. Litakuuma. Mimi liliniuma mpaka nikalia getini mbele ya watu. Lakini mtu uliyemtajia bei ya haki anaweza kuketi nawe goti kwa goti na kukwambia lililo moyoni mwake, na wewe ukamsikia, kwa sababu hakuna kitu kingine katikati.

Akuj, Mungu wetu wa juu, akupe mikono yenye kazi na macho ya kudumu. Akujalie usilazimike kuuza unachokipenda. Na ukilazimika, akuletee mnunuzi atakayeendesha polepole mpaka mzee wako aondoe mkono wake mwenyewe. Na siku atakapokuja mtu kwako akiwa na jambo kubwa la kusema na maneno mabovu ya kulisemea, mwanangu, Mungu akukute umemaliza biashara yako yote, umekaa, unasikiliza.